Duka langu la Minecraft lina kila kitu, jirani ana chesti sita tu, ila wateja wote ni wake. Nakosea wapi?

#1 Fundi Chesti
Wakuu habari, niende moja kwa moja kwenye mada.

Nacheza kwenye seva moja ya savaivo, ile ya kujitafutia kila kitu mwenyewe. Jioni tunafika watu arobaini hivi, wengi wanaingia kwa simu kupitia Geyser (programu inayowaunganisha wa simu na seva ya kompyuta), wachache tuna kompyuta. Maduka yanaendeshwa na plagini (programu ya nyongeza kwenye seva) ya ChestShop: unaweka chesti, yaani sanduku la mzigo, unabandika kibao, unaandika idadi na bei, mteja anagonga kibao, sarafu zinahama. Hata ukiwa umelala duka linauza.

Wiki tatu zilizopita nimefungua duka la ghorofa mbili. Chesti kubwa 48. Mbao, mawe, chuma, vitabu, dawa, roketi, lulu za enda 3,456, hadi mayai ya kuku. Nimepanga kwa rangi, nimeweka taa, mlangoni kuna zulia jekundu.

Mkono wa kushoto kuna jamaa kajenga kibanda cha mbao, hata mlango hakina. Chesti sita. Jana nimesimama pale dakika ishirini nahesabu. Kwake wameingia tisa, kwangu mmoja, na huyo mmoja aliingia kuuliza kama nina kitanda alale usiku upite.

Roketi 64 nauza sarafu 110. Yeye anauza 16 kwa 40. Pigeni hesabu, 64 zake ni 160! Ana bei mbaya kuliko mimi na bado anauza. Leteni nondo.

#2 Mnoko
Zulia jekundu hilo. Wanadhani ni ofisi ya kodi.

#3 Bibi Krafti
Mkuu umejijibu mwenyewe: 16 kwa 40.

Mchezaji mpya anaanza na sarafu ngapi kwenye seva yenu? Kama ni 100, kwako hanunui hata roketi moja. Kwa jirani anachukua 16, anabaki na 60, anatembea kifua mbele. Mangi wa mtaani hajawahi kukuambia nunua dumu la mafuta la lita tano. Anakupimia ya mia tano, na kwa mwaka mzima umemlipa kuliko angekuuzia dumu. Wewe umefungua duka la jumla ukaliita la rejareja.

#4 Mwalimu Redstoni
Kabla hatujaenda mbali, mleta mada punguza chumvi. Lulu za enda hazifiki 64 kwenye nafasi moja, zinaishia 16. Chesti kubwa ina nafasi 54, kwa hiyo ikijaa pomoni ni lulu 864. Hiyo 3,456 ni ya vitu vinavyopangika 64. Na mayai nayo ni 16.

#5 Fundi Chesti
#4 Mwalimu sawa, nilizidisha 54 kwa 64 bila kufikiri. Chesti imejaa lakini.

#3 Mtaji wa kuanzia ni 100, umepatia. Ila hao tisa niliowahesabu sio wapya wote. Wawili nawajua, wana elitra (mabawa ya kurukia, roketi ndizo zinayasukuma) na gia za nezeraiti, zile za juu kabisa. Hao wana hela ya kununua hata kibanda chenyewe.

#6 Msee wa Pipeline
Boss, hapo kwa wenye elitra kuna kitu unaruka. Hizo roketi zako ni za baruti ngapi?

#7 Fundi Chesti
Roketi ni roketi. Karatasi moja na baruti moja, zinatoka tatu.

#8 Msee wa Pipeline
Nilijua tu 😂

Karatasi moja na baruti moja ni roketi ya muda mfupi, inakusukuma kidogo halafu unarudi chini kama kuku. Ukiweka karatasi moja na baruti tatu bado zinatoka roketi tatu, lakini ni za muda mrefu. Mtu wa elitra akienda mbali hataki zako hata umpe kwa bei ya kutupa, atamaliza rundo zima kabla hajafika.

Sasa piga hesabu upya. Roketi 64 za kwako zimekula baruti 22. Kama za jirani ni zile ndefu, 64 zimekula 66. Wewe unauza kitu cha baruti 22 kwa 110, yeye cha baruti 66 kwa 160. Nani ghali hapo? Nenda ukaangalie kibao chake kisha urudi.

#9 Mnoko
Uzi umekwisha, tufunge duka.

#10 Bibi Krafti
Haujaisha. Huyo mpya wa sarafu 100 hajui tofauti ya roketi fupi na ndefu, hata elitra hana. Anaingia kwa jirani kufanya nini? #8 umeeleza wateja wawili kati ya tisa.

#11 Sheikh Pikseli
Salaam wakuu. Mimi nina duka mwaka wa tatu sasa kwenye seva nyingine, na naona mnazunguka. Tatizo ni kwamba mleta mada anauza tu, hanunui.

Vibao vya ChestShop vina herufi mbili. Ukiandika B 40 : S 15 una bei mbili kwenye kibao kimoja. Muulizeni jirani ana S ngapi. Mtoto mpya anaua majini ya usiku, kripa na ile mifupa inayotembea, usiku kucha, mfukoni ana baruti, mifupa, nyuzi, na hana pa kupeleka. Anapita kwa jirani, anauza baruti, anapata sarafu, na akiwa bado amesimama palepale anazitumia. Jirani anachukua baruti hiyohiyo anatengeneza roketi anamuuzia. Hela haitoki kibandani, inazunguka tu. Wewe umeweka supamaketi katikati ya watu ambao mazao yao hakuna anayeyanunua.

#12 Dogo Lagi
Ngoja kaka, B si ndio duka linanunua? Mimi nimeweka B 5 kwenye nyama nikitegemea watu waniletee.

#13 Mwalimu Redstoni
Kinyume. Herufi zote mbili ni kwa jicho la mteja. B mteja ananunua kwako, S mteja anakuuzia. Kwa kompyuta kitufe cha kulia kinanunua na cha kushoto kinauza, isipokuwa admini amegeuza kwenye mipangilio.

#14 Dogo Lagi
Kumbe ndio maana nyama yangu yote imeondoka kwa sarafu 5 5 🤦🏾‍♂️

#15 Mnoko
Umelisha kijiji dogo. Thawabu utazipata.

#16 Kaka wa Tegeta
Usijali dogo, mimi nililizwa zaidi. Nilikuwa na kibao cha chuma, B 40 kwa vipande 16. Nikampa mdogo wangu ruhusa anisaidie. Naye kwa akili zake akaona chuma kinaisha haraka, akabandika kibao cha pili upande wa nyuma, S 45 kwa 16, jina langu, ili watu watuletee. Nikaenda kulala.

Jamaa mmoja akakaa pale usiku kucha. Ananunua mbele kwa 40, anazunguka nyuma anauza kwa 45. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Asubuhi chuma changu chote kipo, hakijapungua hata kipande, ila akaunti inasoma sifuri. Nilikuwa na sarafu elfu kumi na moja.

#17 Fundi Chesti
Duh. Hukumripoti?

#18 Kaka wa Tegeta
Niripoti nini, bei si niliweka mwenyewe. Admini alicheka mpaka akaniambia nimrushie picha.

#19 Sheikh Pikseli
Hiyo ni funzo kwa kila anayeniuliza kuhusu S. Kwenye kibao kimoja plagini inakukatalia kuweka S kubwa kuliko B, lakini vibao viwili tofauti haivijui kwamba ni ndugu. Na jambo la pili, anayenunua kwa watu asiache hela yake yote kwenye akaunti inayolipa. Mimi S zangu nazilipia kwa akaunti yenye sarafu 500 tu. Zikiisha, kibao kinagoma, hakuna aliyeumia.

#20 Bibi Krafti
Na ruhusa pia. Kama seva inatumia GriefPrevention (plagini ya kulinda eneo lako) kuna amri ya /trust na kuna /containertrust. Ya kwanza inampa mtu kujenga na kubomoa, ya pili ni kufungua chesti na kutumia vitu vya eneo lako, si kujenga wala kubomoa. Watu wanawapa wadogo zao ile ya kwanza halafu wanalia. Mteja wa kawaida hahitaji yoyote kati ya hizo.

#21 Chumvi ya Bahari
Napita tu ila niulize: vitabu vyako vya uchawi kibao kinasomekaje?

#22 Fundi Chesti
"Enchanted Book#" halafu herufi tatu nne.

#23 Chumvi ya Bahari
Na unategemea nani anunue? Hizo herufi ni za plagini kujikumbushia, binadamu hazimwambii kitu. Kitabu kinaweza kuwa cha Mending (kukarabati silaha), kinaweza kuwa cha kuua buibui. Mteja akitaka kujua aandike /iteminfo, na huyu yuko kwa simu, kibodi inaziba nusu ya skrini, hapo huenda kripa yuko nyuma yake. Ataondoka. Weka fremu juu ya chesti, tundika kitabu chenyewe ukishakipa jina, au bandika kibao cha pili kwa Kiswahili: HIKI NI CHA KURUDISHA UZIMA WA SILAHA. Mimi nilifanya hivyo vitabu vikaanza kutoka.

#24 Dogo Lagi
Fremu zikizidi simu yangu inakwama. Kuna duka moja nikifika mlangoni tu mchezo unajifunga wenyewe. Mleta mada una fremu ngapi?

#25 Fundi Chesti
Moja kwa kila chesti.

#26 Dogo Lagi
48??? Kaka mimi dukani kwako siwezi kuingia hata kwa mwaliko.

#27 Msee wa Pipeline
Hii sasa ni theori ya nne ama ya tano? Na hii ya Dogo inaniingia. Wasee wa simu hawamkatai mtu, simu ndiyo inamkataa.

#28 Mzee wa Varrock
Vijana, mnaongea kama biashara ya kwenye gemu imeanza jana. Mwaka 2006 nilikuwa napoteza hela ya saiba mjini Mombasa nikicheza RuneScape. Wachezaji hatukuwa na maduka wala chesti. Tulisimama mbele ya benki ya Varrock, mji wa humo ndani ya gemu, mamia ya watu, kila mtu anaandika bidhaa yake kwa maandishi yanayometameta, nauza kamba, nauza makaa, na bei ni mdomo wako. Aliyeuza sio mwenye mali nyingi, ni yule aliyekuwepo kila siku pale pale. Wateja walikuwa wananijua kwa kofia.

Novemba 2007 wakaleta soko kuu, Grand Exchange. Unaweka mzigo na bei, mfumo unakutafutia mnunuzi. Kelele zikaisha, na sisi wenye midomo tukaisha nazo. Siku hizi kwenye Old School, toleo la kizamani la gemu hiyohiyo, wanakata hadi kodi ya 1% kwenye mauzo.

Ninachosema: mleta mada, wewe upo dukani saa ngapi?

#29 Mwalimu Redstoni
Heshima yako mzee, ila kodi ilianza na 1% Desemba 2021, sasa ni 2%.

#30 Mzee wa Varrock
Kumbe wamepandisha. Serikali ni serikali tu.

#31 Fundi Chesti
Mzee mimi dukani sikai, ndio raha ya ChestShop, linauza lenyewe. Jirani naye simuoni mara nyingi. Ila nimeenda kuangalia kibao chake kama nilivyoambiwa #8. Roketi zake ni ndefu kweli, za baruti tatu. Na ana S ya baruti, mifupa na nyuzi. Kwa hiyo Msee na Sheikh wote wamepatia, sijui nimfuate nani.

#32 Jeuri Mtulivu
Usimfuate yeyote. Seva ina umri gani?

#33 Fundi Chesti
Miezi mitano tangu ifutwe ianze upya.

#34 Jeuri Mtulivu
Basi umechelewa, ndio jibu. Wiki ya kwanza kitabu cha Mending niliuza sarafu 8,000, watu wanapanga foleni. Wiki ya tano kikafika 300 na hakuna anayekitaka. Mwezi wa tano kila mtu ana famu ya chuma, kila mtu ana ukumbi wa wanakijiji, wale wa gemu yenyewe wanaouza bidhaa. Chuma chako, mbao zako, mawe yako, nani hana? Jirani anauza kitu kinachoungua, roketi. Ukiruka imekwisha, kesho unarudi. Uza vinavyoisha, achana na vinavyodumu.

#35 Kaka wa Tegeta
Mending imeshuka kwa sababu watu wanaitoa kwenye meza ya uchawi wenyewe siku hizi.

#36 Mwalimu Redstoni
Hapana. Mending haitoki kwenye meza ya uchawi, haijawahi. Unaipata kwa kuvua samaki, kwenye masanduku ya porini, au kwa mwanakijiji mkutubi. Ilishuka kwa sababu ya huyo mkutubi: kama hujawahi kununua chochote kwake, unavunja meza yake ya kusomea, unaiweka tena, anabadilisha bidhaa. Unarudia mpaka atoe Mending. Kuna watu wamevunja meza mara mia mbili.

#37 Kaka wa Tegeta
Mwalimu leo hutupumzishi.

#38 Papa Katanga
Bandugu, huku Lubumbashi tuko batu tano kwa seva yetu, hakuna plagini hata moja. Duka ni chesti ya wazi: unaweka almasi, unachukua kitu yako. Mwizi tunamujua kwa jina na tunajua nyumba ya mama yake.

#39 Mnoko
Huo ndio ulinzi. GriefPrevention ya mama mzazi.

#40 Bei ya Jioni
Hivi mbona hamzungumzii hela ya kweli? Ukiwa na sarafu nyingi si unauza kwa simu tu, mtu anakutumia elfu tano unampa laki moja za seva. Duka linalipa bando.

#41 Chumvi ya Bahari
Ukitaka kufungiwa endelea. Mojang, wenye Minecraft, walishabana haya tangu 2014, mwenye seva mwenyewe haruhusiwi kuuza kitu kinachompa mtu ubavu juu ya wenzake, sembuse wewe.

#42 Jeuri Mtulivu
Na hata walioruhusu walijuta. Blizzard walifungua mnada wa hela halisi ndani ya gemu yao ya Diablo III mwaka 2012, Machi 2014 wakaufunga wenyewe. Walisema unaharibu utamu wa gemu: watu wameacha kuua majini wanashinda mnadani.

#43 Dogo Lagi
Mimi nilituma elfu tano mwaka jana kwa jamaa aniuzie elitra. Akaniambia ngoja nitoke nirudi. Bado namsubiri.

#44 Mnoko
Dogo wewe kwenye huu uzi umeuza nyama kwa 5, umeshindwa kuingia dukani, na umelizwa elfu tano. Njoo tukufanyie maombi.

#45 Msee wa Pipeline
😂😂 Wacheni kijana. Turudi kwa mada. Kitu moja hamjasema ni chesti tupu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, net ikawa ya kuokota, siku kadhaa sikuweza kuingia seva, duka langu likauza hadi likabaki vibao. Niliporudi kila kitu kimejaa tena, lakini wateja hawakurudi wiki mbili. Mtu akigonga kibao chako mara mbili aambiwe hakuna mzigo, hagongi mara ya tatu. Mleta mada, hizo chesti 48 zote zimejaa kweli?

#46 Fundi Chesti
...kama 30 hivi. Zingine nasubiri mzigo.

#47 Bibi Krafti
Haya sasa. Chesti 18 tupu na fremu 48. Jirani ana chesti sita na zote zimejaa. Hivi tunabishana nini?

#48 Sheikh Pikseli
Dada, tunabishana S. Chesti zake zinajaa kwa sababu watu wanamletea. Hachimbi huyo.

#49 Fundi Chesti
Mrejesho wakuu. Juzi nilifanya hivi: roketi nimebadili kuwa ndefu, nimeweka 16 kwa 38, nimefungua S ya baruti kwa akaunti yenye sarafu 400, nimeng'oa fremu 30. Jioni ya kwanza nimeuza mara kumi na moja! Nilikuwa nawaletea pongezi.

Halafu nikachungulia kwa jirani. Roketi zimemwishia. Jana kajaza, kwangu mauzo mawili.

#50 Jeuri Mtulivu
Yaani umebadilisha vitu vinne siku moja halafu jirani kaishiwa siku hiyohiyo. Sasa hatutajua kamwe ni kipi.

#51 Mwalimu Redstoni
Ungebadilisha kimoja kwa wiki.

#52 Fundi Chesti
Mwalimu, kwa mwendo huo seva itafutwa kabla sijamaliza utafiti.

#53 Kibanda
Habari wakuu. Nimetumiwa huu uzi na mtu. Mimi ndiye mwenye kibanda.

Nimesoma yote, nimecheka sana, mmenifanya msomi. Roketi natengeneza ndefu kwa sababu ndizo natumia mwenyewe, zinazobaki nauza. 16 niliandika kwa sababu siku ile nilikuwa nazo 16 tu, sikubadilisha tena. S ya baruti niliweka kwa uvivu, sipendi kripa. Ila mimi nadhani watu hawaji kwa roketi. Ukutani nimeweka chesti ya enda (kila mtu akiifungua anakuta vitu vyake mwenyewe), kinu cha kusagia na meza ya kutengenezea, bure, kwa matumizi yangu. Watu wanakuja kufungua chesti ya enda wachukue vitu vyao, wakigeuka wanaona roketi.

#54 Mnoko
Kurasa nzima za nondo, kumbe ni choo cha umma.

#55 Sheikh Pikseli
Mwenye duka mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwa nini linauza. Mimi bado nasimama na S.

#56 Bibi Krafti
Na mimi bado nasimama na 16. Hata kama aliandika kwa bahati.

#57 Fundi Chesti
Jirani karibu, samahani kwa kukuhesabia wateja. Chesti ya enda nataka kuweka leo leo. Obsidiani nane ninazo. Jicho la enda ndio sina.

#58 Dogo Lagi
Kaka si una chesti nzima ya lulu? Lulu na unga wa bleizi unapata jicho.

#59 Fundi Chesti
Unga wa bleizi ni mojawapo ya zile chesti 18.

#60 Kibanda
Ninao, chesti ya tano. Nauza mmoja mmoja, sarafu 12.